Ruta Isiyoitika

Jumatatu, tarehe 2 Machi

Naandika kwa sababu nimeambiwa niandike. Msichana wa kampuni ya intaneti, yule anayepokea simu kwa sauti ya kubembeleza kama anamlaza mtoto, kaniambia, "Mama, kila ruta ikisumbua andika siku na saa, halafu utupigie." Nikamwuliza, kwani ninyi huko ofisini hamna kalamu? Akacheka. Mimi sikucheka.

Basi nimenunua daftari. Atakayelisoma akakuta makosa ajue kwamba niliishia darasa la nne, nikafua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja, nikajenga nyumba hii ya vyumba vinne. Waliosoma mpaka macho yakachoka, nawajua wengi, bado wamepanga.

Shida yenyewe ni hii. Mke wa mwanangu anafanyia kazi hapa nyumbani, chumba cha nyuma, na kompyuta na vile vidude vya masikioni. Anapokea simu za watu walionunua mashine za kufulia. Mwanangu yuko machimboni, anarudi mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo tumebaki wawili, mimi na mkamwana. Leo msimamizi wake kamwandikia barua. Wameweka mtambo mpya wa kuchunga wanaofanyia kazi majumbani. Mara sita kwa siku, bila kutaja saa, mtambo unaiuliza ruta yetu, upo? Ruta ikinyamaza, mtu anaandikwa kaacha kazi katoka. Barua zikifika tatu ni kikao, na kikaoni watu hawarudi na kazi.

Mkamwana anasema, "Mama, sikuondoka. Ni ruta."

Kila mvivu ana ruta yake.

Jumatano, tarehe 4 Machi

Mvua ya kwanza. Ruta ina taa nne, zote kijani. Saa tatu kijani, saa sita kijani, saa kumi kijani.

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Nimepiga simu kampuni ya intaneti. Nimesubiri kwenye laini nusu saa nikipigiwa muziki ambao sikuuomba. Mwisho kaja mwanamume: "Mama, zima ruta, hesabu mpaka thelathini, kisha washa." Nikazima. Sijafika kumi na mbili, mkamwana katoka chumbani mbio, vidude shingoni.

"Mama! Nilikuwa na mteja!"

"Na mimi nina fundi kwenye simu. Kumi na tatu, kumi na nne..."

"Mama, umenikatia mtu maji yanafurika sebuleni kwake!"

"Kwani maji yake yanapita kwenye waya wangu? Kumi na tano."

Nilifika thelathini. Nikawasha. Taa nne, kijani. Jioni mkamwana kafungua ukurasa wake wa kazini: leo mara sita kaulizwa, mara sita hakuwepo. Mwanamume wa simu anasema ni mvua.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Mvua. Nimewaza kwamba jirani, fundi cherehani tuliyepakana ukuta, ndiye anayeivuta intaneti yetu. Yule mtu ana simu kubwa kuliko duka lake. Nimemfuata.

"Wewe, unanyonya waifai yangu?"

"Bibi, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Unanyonya?"

"Bibi, wewe mwenyewe ulijisifu nywila yako ina tarakimu ishirini. Mimi namba ya kiuno cha mteja tu nasahau kabla sijakata kitambaa."

Wateja wake wawili wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nimerudi nyumbani na miguu imelowa. Simwamini bado, ila kweli suruali zake huwa zinabana.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Barua ya pili.

Hii imenifanya nimkasirikie mkamwana. Kampuni nzima, yenye majengo na mawakili, ina faida gani kumsingizia mtu mmoja? Mtu akiitwa mtoro na wenzake anaweza kubisha. Akiitwa mtoro na mashine, mashine ina chuki gani naye? Nimemwambia hivyo mkamwana, mbele yake. Akasema, "Simu zote nilizopokea zimerekodiwa, Mama. Sabini kwa siku. Nimewaambia wazisikilize." Wamemjibu kwamba simu ni za idara nyingine.

Nikampigia mwanangu. Nikamwambia mkeo anatoroka kazini, ajirekebishe kabla hajafukuzwa na kuniaibisha mtaani. Akauliza, "Mama, una hakika?" Nikamwambia nimekiona kiti kitupu kwa macho yangu.

Sikukiona. Lakini kampuni imekiona, na ukiambiwa na mwenye macho makali si sawa na kuona?

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Mvua usiku kucha. Mwanangu kampigia mkewe, nimesikia sauti yake ikipanda kupitia ukutani. Mkamwana hajanisalimu.

Jumatatu, tarehe 16 Machi

Nimeamua kumkamata mwenyewe. Nimeweka kigoda ukumbini, mlango wake uko wazi kiasi cha kupita paka, namwona mgongo. Saa ya ukutani nimeishusha nimeiweka mapajani. Akiinuka, naandika.

Saa tatu na nusu: yupo. Saa nne: yupo. Saa tano na robo: kaenda msalani, dakika tatu. Saa saba: kala mkate akiwa na vidude masikioni. Saa tisa: yupo. Saa kumi na moja kasoro: yupo.

Jioni ukurasa wake: sita kwa sita, hakuwepo.

Jumanne, tarehe 17 Machi

Yupo. Mvua. Sita kwa sita.

Jumatano, tarehe 18 Machi

Yupo. Kigoda kinaumiza.

Ijumaa, tarehe 20 Machi

Nimekaa mlangoni kwa mtu siku tano na sasa lazima niandike nilichokiona, nisipoandika nitapasuka.

Mtoto wa watu anatukanwa. Anatukanwa tangu saa mbili mpaka saa kumi na moja, na kila anayemtukana anamjibu, "Nakuelewa, ndugu mteja." Leo mmoja kamwita kasuku. Nakuelewa, ndugu mteja. Mimi ningeshamtajia huyo ndugu mteja ukoo wake mpaka babu wa nne. Nilipokuwa dobi, daktari mmoja alinirushia shuka usoni akisema halijatakata. Shuka lilimrudia kabla hajamaliza sentensi.

Na kazi yenyewe anaijua. Mwanamke mmoja alikuwa akilia kwamba mashine yake inaruka sakafuni kama ina mapepo. Nikapayuka nikiwa ukumbini, "Mwambie asitie blanketi peke yake! Blanketi likilowa linalala upande mmoja!" Nikamsikia mkamwana, "Ndugu mteja, ulitia nini humo? Blanketi? Peke yake? Weka na taulo mbili tatu ili uzito ulingane." Mashine ikatulia. Mkamwana akageuka akanitazama. Hakucheka, lakini hakufunga mlango.

Mara thelathini wiki hii mtambo umeuliza. Mara thelathini umeandika hayupo. Nami nilikuwa hapa, na saa mapajani.

Sasa nani mwongo?

Jumatatu, tarehe 23 Machi

Mvua imepumzika tangu juzi, jua kali, ardhi imekauka, na bado sita kwa sita, hayupo. Aliyesema ni mvua aje aniambie tena.

Barua ya tatu imekuja. Tarehe ya kikao watataja.

Nimeisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya kila neno. Wameandika tangu mtambo uwekwe: maulizo mia na ishirini, majibu sifuri. Nikaisoma tena hiyo sifuri. Pale hospitali, shuka moja likitoka na doa, unalaumu shuka, labda lililaliwa vibaya. Yakitoka mashuka yote na doa, huulizi mashuka. Unakwenda kuangalia maji. Mtoro gani anakosa mara mia na ishirini, hata mara moja asikutwe kwa bahati mbaya? Hata mwizi hukutwa nyumbani siku moja moja.

Nimemwambia mkamwana. Akasema, "Mama, hilo nimelisema tangu tarehe mbili."

Hakuna anayependa kuambiwa hivyo. Nikamwambia aende akale.

Jumanne, tarehe 24 Machi

Nimewapigia kampuni ya intaneti nikawaambia sizimi, siwashi, sihesabu. Nataka mtu mwenye miguu aje. Wamesema siku tatu za kazi.

Jumatatu, tarehe 30 Machi

Hizo siku tatu zao zimezaa. Mvua imerudi.

Jumatano, tarehe 1 Aprili

Kaja fundi. Mwanamke wa makamo, buti za mpira, begi mgongoni. Nikamwambia nilitaka fundi. Akasema, "Ndiye huyu, Mama, mwingine hakuzaliwa," akavua buti mlangoni bila kuambiwa. Nikampisha.

Hakugusa ruta. Kwanza alikwenda kusimama dirishani kwa mkamwana, akasikiliza simu mbili, akasema, "Intaneti ni nzima, sauti haikatiki." Kisha akatoka mpaka barabarani, mwavuli kichwani, akabofyabofya simu yake. Akarudi.

"Mama, nyumba hii inatoka lakini haiitiki. Sisi tunaita pingi. Ni kama kubisha hodi: naituma kutoka nje, ruta inajibu nipo, basi. Mkamwana wako anaongea na dunia nzima vizuri, ila mtu wa nje akibisha hodi, ruta inamezea. Ndiyo maana mtambo wa kazini kwake unadhani hamna mtu."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Imeambiwa."

Akaingia kwenye mipangilio ya ruta kwa kompyuta yake, akanigeuzia skrini. Pana kimraba, ndani yake alama ya vema. Akanisomea: usijibu maulizo ya kutoka nje.

"Hii haijiweki yenyewe. Nani aliomba?"

Nikakumbuka.

Mwezi wa Oktoba, kabla mkamwana hajahamia kwangu, alikuja fundi wa kwanza kuiweka ruta. Kila neno lake lilikuwa hamna shida. Nami nilikuwa nimesikia redioni habari za wezi wa mtandao. Nikamwambia, funga kila tundu. Mtu wa nje akiuliza kama kuna kitu humu ndani, kisijibu. Nyumba yangu haimjibu nisiyemjua. Akasema hamna shida. Nikasimama nyuma yake mpaka akafunga, na nikamtembezea mtaa mzima sifa kwamba ruta yangu ni bubu kwa wezi.

Fundi ananingoja. Chumba cha nyuma mkamwana anasema nakuelewa, ndugu mteja.

"Sijui," nikasema. "Labda ilikuja hivyo."

Akanitazama kama ninavyomtazama mtu anayeniambia damu kwenye shuka ni juisi. Akaiondoa ile vema. Akaandika kwenye karatasi yake: mteja hajui aliyefunga. Nikatia sahihi.

Alhamisi, tarehe 2 Aprili

Sita kwa sita, yupo. Mkamwana karukaruka chumbani kama mtoto. Kanishika mikono, "Mama, asante kwa kumleta fundi!" Nimesema nina kichwa kinauma. Kweli kilikuwa kinauma.

Jumanne, tarehe 7 Aprili

Yupo. Yupo. Yupo. Kitu kimepona, ya nini kutaja aliyekitia ugonjwa?

Alhamisi, tarehe 9 Aprili

Mungu anisamehe, ningeweza kuuma ukuta.

Msimamizi kampigia mkamwana kwa video. Mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi na mtu mwingine. Nilikuwa ukumbini, nimesikia lote. "Tumeona baada ya barua ya tatu umeacha utoro. Inaonyesha ulikuwa unaweza."

Mkamwana akamwambia ruta ilikuwa imefungwa, fundi kaifungua, karatasi ya fundi hii hapa. Msimamizi akaisoma kwenye skrini. Kisha akasema, "Hapa pameandikwa haijulikani aliyefunga. Mwenye sababu ya kujificha asionekane na mtambo ni nani humo ndani, dada? Mama mzee?"

Akacheka. Mimi, mama mzee, nikiwa nyuma ya mlango.

Kikao ni tarehe kumi na saba. Sasa si utoro tu. Wanasema kachezea kifaa ili awadanganye, na mwenye kosa hilo haandikiwi hata barua ya kumsaidia apate kazi kwingine.

Ijumaa, tarehe 10 Aprili

Mkamwana hali. Mvua.

Jumapili, tarehe 12 Aprili

Nimejaribu kumchukia fundi wa kwanza. Nimejaribu kumchukia msimamizi, huyo ni rahisi. Nimewachukia wote wenye mtambo wao unaovizia watu kama fisi. Wote wanastahili. Nikimaliza kuwachukia, bado nimo mimi. Nyani haoni kundule, lakini mimi nimeonyeshwa langu kwenye skrini.

Jumanne, tarehe 14 Aprili

Nimemwambia. Jikoni, anasuuza vikombe.

"Ile ruta nilifunga mimi. Oktoba. Nilimwamuru fundi."

Hakugeuka. "Unajua tangu lini?"

"Tangu aliponionyesha fundi."

"Wiki mbili, Mama." Akaweka kikombe taratibu, afadhali angekivunja. "Wiki mbili unaniangalia nikikosa usingizi. Kufunga hukujua, sawa. Wengi hawajui. Lakini wiki mbili?"

Nilikuwa na maneno mengi. Mimi sikosi maneno. Nilitaka kusema nyumba ni yangu, ruta ni yangu, nilikuwa nalinda. Nilipofungua kinywa yalitoka mengine: "Niliona aibu."

"Na mimi je? Mimi niliona nini?"

Akaacha vikombe vingine kwenye sinki. Nikavisuuza.

Jumatano, tarehe 15 Aprili

Nimempigia yule fundi mwanamke. Nikamwambia nilimdanganya. "Najua, Mama," akasema, bila hata kunipa nafasi ya kujieleza. Nikamwuliza kama yule wa kwanza aliandika chochote. Akasema kila kazi ina fomu yake, atatafuta. Baadaye kaituma kwa mkamwana: tarehe kumi na tisa Oktoba, mteja ameagiza ruta isijibu maulizo ya nje. Chini yake sahihi yangu, kubwa kama ninavyopenda kuiandika.

Ijumaa, tarehe 17 Aprili

Kikao saa nne. Kwenye skrini watu watatu, kila mmoja kwenye kisanduku chake. Nilivaa gauni la kanisani nikakaa kando ya mkamwana. Akaniambia, "Jibu unachoulizwa tu." Nikasema sawa.

Msimamizi: "Mama, ni wewe uliyeifunga ruta?"

"Kidole kilikuwa cha fundi. Amri yangu."

"Kwa nini?"

"Kwa nini mlango wako una kitasa?"

Mkamwana akanikanyaga mguu chini ya meza. Mwanamke wa kisanduku cha katikati akauliza, kwa heshima, kwa nini basi fomu ya pili inasema haijulikani.

Hapo ndipo palikuwa na kazi. Watu watatu nisiowajua, na mkamwana ubavuni.

"Kwa sababu nilimdanganya fundi," nikasema. "Nilijua nikakana. Nilimwacha huyu achomwe badala yangu kwa sababu sikutaka kuonekana mjinga. Oktoba hakuwa akiishi hapa, na mtambo wenu hamkuwa nao. Angefungaje mlango ili asionwe na mtu ambaye hajazaliwa bado? Na simu zake sabini kwa siku mnazo. Mmezisikiliza?"

Yule mwanamke akamwuliza msimamizi, "Mmezisikiliza?" Msimamizi akaanza habari za idara nyingine. Yule mwanamke akasema, "Nimekuuliza wewe."

Wakatoka kwenye skrini dakika ishirini. Waliporudi wakasema barua zote tatu zimefutwa, kazi inaendelea.

Nikasema, "Na samahani je?"

Msimamizi akasema, "Mama, hiyo haimo kwenye utaratibu."

"Mmemwita mtoro miezi miwili, mkamwita mdanganyifu, na kusema samahani tu hamna utaratibu? Mlilelewa na nani ninyi? Kinywa chenye nafasi ya kumtukana mtu kina nafasi ya..."

Mkamwana akazima kipaza sauti, kisha skrini. Akavua vidude. Akanigeukia kabisa, na macho yake yalikuwa makavu.

"Na yako, Mama? Yako iko wapi?"

Nikaitoa. Ilikuwa fupi. Sijazoea.

"Si kwangu peke yangu," akasema.

Jumamosi, tarehe 18 Aprili

Asubuhi kaweka simu mezani, spika wazi, kampigia mumewe, kisha akaketi mbele yangu, mikono kapakata.

"Mama? Vipi?" Nyuma yake mitambo ya machimbo inanguruma.

"Mkeo amebaki kazini. Hakutoroka hata siku moja."

"Mungu ashukuriwe. Lakini si ulisema ulikiona kiti kitupu?"

"Nilisema."

"Kwa macho yako."

"Ndivyo nilivyosema."

"Ulikiona?"

Mkamwana hakupepesa macho. Nimewahi kubeba marobota ya mashuka mabichi ngazi tatu, hayakuwa mazito hivi.

"Sikukiona. Nilikuongopea, na wewe ukaenda kumfokea mke wako kwa uongo wangu."

Mitambo ikanguruma. Nikadhani laini imekatika, nikatazama ruta kwa mazoea.

"Mpe simu mke wangu," akasema. Hakuniita Mama.

Mkamwana akachukua simu, akazima spika, akaenda chumba cha nyuma. Nikamfuata mpaka mlangoni, sijui kwa nini, labda nilitaka kusikia kama ataambiwa samahani. Alikuwa amekaa kitandani, simu sikioni, anasikiliza, machozi ambayo jana hayakutoka yanamshuka. Akainua uso akaniona.

"Mama," akasema, si kwa ukali. "Mlango."

Nikaufunga, mimi nikiwa nje.